Somo la Kwanza la Dansi ya Ukumbini Mkiwa Safarini: Darasa la Kikundi, Somo la Faragha au Jioni ya Dansi?

Wenza wengi wa Dodoma hukutana na dansi ya ukumbini kwa mara ya kwanza wakiwa mbali na nyumbani. Mmoja ameitwa kwenye semina Nairobi na mwenzake akamsindikiza, au wote wawili wamekwenda kumtembelea mtoto anayesoma Uingereza, au wamepanda tu treni ya SGR siku ya Ijumaa kwenda Dar es Salaam, safari ambayo tangu treni hiyo ilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024 imekuwa ya saa chache tu. Wakiwa huko wanaona tangazo la somo la dansi kwa wanaoanza, na hapo ndipo swali linapozuka, kwa sababu tangazo moja linazungumzia darasa la kikundi, la pili linazungumzia somo la faragha, na la tatu linaalika watu kwenye jioni ya dansi ambayo hutanguliwa na somo fupi kabla ya muziki kufunguliwa.

Mimi na mume wangu tumezipitia njia zote tatu kwa nyakati tofauti, na kila moja ilitupa kitu ambacho nyingine hazikutupa. Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya wenza wenye jioni moja au mbili tu za ugenini, ambao hawataki kuzipoteza kwa kuchagua somo lisilowafaa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Dansi ya ukumbini ni ile inayochezwa na watu wawili walioshikana, mmoja akiongoza na mwingine akifuata. Katika mtindo unaotumika kwenye mashindano ya kimataifa kuna dansi kumi: tano ni walzi, tango, walzi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu, na tano nyingine ni samba, chacha, rumba, paso doble na jaivu. Anayeanza hafundishwi zote. Mara nyingi somo la kwanza ni la walzi, rumba au chacha. Wala si jambo geni kwetu kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa neno dansi lenyewe, lilipoenea katika miji ya Afrika Mashariki kati ya vita viwili vya dunia, lilihusu hasa dansi za aina hii, walzi na foksitroti zikiwamo, ambazo vijana walizicheza katika vilabu vyao wakiwa wamevaa suti na viatu vilivyong'arishwa. Muziki wa dansi tunaoujua leo ulikulia katika kumbi hizo.

Vigezo vya kuchagulia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni nani atakayewasahihisha. Katika dansi ya wawili, ukikosea wewe, mguu unaokanyagwa ni wa mwenzako, kwa hiyo katika nusu saa ya mwanzo kila mmoja huliona kosa la mwenzake kabla ya kuliona la kwake. Katika somo letu la kwanza, lililokuwa Nairobi, nilimwambia mume wangu, "Baba Neema, unanivuta," naye akanijibu, "Sikuvuti, Mama Neema, ni wewe uliyesimama." Ukweli ni kwamba sote wawili tulikuwa tumekosea. Yeye alikuwa anaongoza kwa nguvu za mikono badala ya kusogeza kiwiliwili, na mimi nilikuwa nimeugawa uzito wangu kwenye miguu yote miwili wakati nilipaswa kuuhamishia wote mguu mmoja ili ule mwingine uwe huru kuondoka. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ujuzi wa kuliona hilo, na kila neno tulilojibizana lilitupotezea muda tulioulipia. Wenza wanaosahihishana wenyewe katika somo la kwanza hurudi hotelini wamenuniana, na kwa jambo hili njia hizi tatu zinatofautiana sana.

Kigezo cha pili ni kushikana na watu wengine. Mkao wa walzi unamtaka mwanamume ashike kwa mkono wake wa kushoto mkono wa kulia wa mwanamke, na mkono wake wa kulia auweke mgongoni mwa mwanamke, kwenye ubapa wa bega la kushoto. Sisi tuliokulia katikati ya nchi tumezoea ngoma ambazo watu huzicheza kwa safu au kwa duara, kila mtu akiwa na nafasi yake, na wanawake wa Kigogo wakipiga zile ngoma za muheme. Mkao wa kukumbatiana mbele ya watu haukuwa sehemu ya malezi yetu. Kuna wenza ambao dini au heshima ya nyumba yao hairuhusu mke ashikwe hivyo na mwanamume asiyemjua, au mume amshike mwanamke asiye mke wake. Hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kulipa, wala hakuna haja ya kuliomba radhi.

Kigezo cha tatu ni muda na gharama. Cha nne ni kile mtakachorudi nacho nyumbani, maana somo la saa moja haliwezi kumfanya mtu kuwa mchezaji. Linaweza tu kuwapa kitu kidogo kilicho sahihi, ambacho mtaendelea kukifanyia mazoezi sebuleni kwenu Ipagala au Nkuhungu.

Darasa la kikundi

Muda na gharama. Kwa kawaida darasa huchukua muda wa kama saa moja, na ndilo la bei nafuu. Angalieni tu kwamba ada ya darasa mara nyingi hutajwa kwa kila mtu, ilhali ada ya somo la faragha mara nyingi hutajwa kwa wenza wote wawili. Msilinganishe namba hizo mbili kabla ya kuizidisha ya kwanza mara mbili.

Nani anayewasahihisha. Mwalimu huwa mmoja au wawili kwa watu wengi. Huanza kwa kuwapanga wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, akawaonyesha hatua bila mwenza, kisha akawaunganisha na kuwasha muziki. Katika saa nzima huenda akawafikia mara moja au mbili tu, na marekebisho yake mengi huyatoa kwa wote kwa pamoja: inueni kichwa, msitazame miguu, hatua ziwe fupi. Kwa wenza wanaopenda kusahihishana, hapa kuna hatari, kwa kuwa mwalimu akiwa upande wa pili wa ukumbi ninyi wawili mmebaki peke yenu na kosa lenu. Hata hivyo kuna faraja ambayo somo la faragha halina, nayo ni kuwaona wenza wengine kumi wakikosea kosa lilelile. Baba Neema alitulia siku ile, si kwa sababu ya neno langu wala la mwalimu, bali baada ya kumwona mzee mmoja mwenye mvi akianza kwa mguu usio wake mara ya tatu mfululizo, huku mkewe akimsubiri kwa upole.

Kushikana na wageni. Hapa ndipo darasa la kikundi linapotofautiana na mengine. Walimu wengi huwabadilisha watu wenza kila baada ya dakika chache. Wanawake husogea hatua moja kwenye duara na kila mmoja anakutana na mwanamume mwingine. Sababu yao ni ya kitaalamu na ina uzito. Wenza waliozoeana huanza kukisiana badala ya kuongozana. Mke anajua mumewe anataka kwenda wapi kabla mumewe hajamwongoza, na hivyo mume hajifunzi kuongoza wala mke hajifunzi kufuata. Ukicheza na mtu usiyemjua, maongozi yasiyoeleweka hujulikana palepale. Nilipopita kwa wanaume watatu siku ile ndipo nilipofahamu kwamba tatizo la uzito lilikuwa langu, kwa sababu wote watatu walikwama mahali palepale. Kwa upande mwingine, wenza wasiotaka kubadilishana wanaweza kumweleza mwalimu mapema na kuomba kubaki pamoja. Madarasa mengi huwaruhusu, na desturi ni kusimama nje kidogo ya duara ili zamu iwapite bila kumchanganya mtu.

Mnachorudi nacho. Mtarudi na hatua moja ya msingi na namna ya kuhesabu. Katika walzi hatua hiyo mara nyingi ni ile ya mraba: mwanamume anakwenda mbele kwa mguu wa kushoto, pembeni kwa wa kulia, anafunga kwa wa kushoto, kisha nyuma kwa wa kulia, pembeni kwa wa kushoto, anafunga kwa wa kulia. Mwanamke anafanya kinyume chake, akianza nyuma kwa mguu wa kulia. Ni hatua sita kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, mara mbili, na sebule ya kawaida inatosha. Mkiijua hiyo kwa uhakika, mmekwishajua cha kufanya wimbo mzima.

Linawafaa nani. Linawafaa wenza wanaopenda kuwa na watu, wenye bajeti ndogo, na wale wanaosafiri mara kwa mara kwenda mji uleule, wanaoweza kulirudia darasa hilo kila waendapo. Haliwafai sana wenye tarehe ya harusi mlangoni.

Somo la faragha

Muda na gharama. Huwa kati ya dakika arobaini na tano na saa moja, kwa bei iliyo juu ya darasa la kikundi, mara nyingi mara kadhaa. Katika nchi nyingine, Marekani hasa, ni kawaida kwa studio kutoa somo la utangulizi kwa bei ya chini sana au bure, kisha mkakalishwa ofisini na kuelezwa faida za kununua masomo mengi kwa mkupuo. Hilo si kosa la mwenye studio, kwani ndivyo biashara yake inavyoendeshwa, lakini msafiri atakayeondoka baada ya siku mbili hana sababu ya kutia saini chochote. Semeni mapema kwamba mnapita.

Nani anayewasahihisha. Hapa ndipo penye thamani yote ya fedha mnayoitoa. Mwalimu hucheza na mume, kisha hucheza na mke, na kwa kuwashika anahisi kile ambacho macho hayakioni: bega lililokaza, kiwiko kinacholegea, kisigino kinachochelewa. Halafu anawaunganisha na kuwaeleza kila mmoja neno lake. Wenza wanaojijua kuwa ni wepesi wa kubishana watapumzika, kwa sababu hakimu yupo muda wote. Mkubaliane kabla ya kuingia kwamba mwenye haki ya kusahihisha ni mwalimu peke yake. Kwetu sisi kanuni hiyo iligeuza kabisa hali ya somo. Kuna kasoro moja, nayo ni kwamba kutazamwa kwa saa nzima bila mwingine wa kutazamwa kunachosha, na mtu mwenye haya anaweza kujikaza hadi miguu ikakataa. Dakika kumi za mwanzo huwa ngumu kwa karibu kila mtu, na mwalimu mzuri analijua hilo.

Kushikana na wageni. Mgeni ni mmoja tu, mwalimu mwenyewe. Ikiwa hata hilo ni zito kwenu, ulizeni kama kuna walimu wawili, mwanamume na mwanamke, ili kila mmoja wenu afundishwe na wa jinsia yake, au kama mwalimu anaweza kufundisha kwa maneno na kwa kuonyesha bila kuwashika. Katika njia hizi tatu, hii ndiyo inayokubali masharti ya nyumba kwa urahisi zaidi.

Mnachorudi nacho. Mtarudi na hatua zilizokatwa kwa kipimo chenu. Mnaweza kwenda na wimbo mlioukusudia, mkaomba kufundishwa kuingia, kuzunguka mara mbili na kumaliza. Jambo hili lina maana kubwa kwetu, kwa kuwa katika harusi zetu mshereheshaji huwaita bwana na bibi harusi, na baadaye wazazi, wafungue muziki mbele ya ukumbi mzima, na wengi wetu huishia kuyumba upande hadi upande mpaka wimbo uishe. Dakika mbili zilizopangwa vizuri zinawezekana ndani ya saa moja ya faragha, mradi msidai mengi. Mwishoni ombeni ruhusa ya kumrekodi mwalimu kwa simu akifanya hatua ya mwanamume, kisha ya mwanamke, akihesabu kwa sauti. Rekodi ya dakika moja itawasaidia kuliko kumbukumbu zenu wawili, ambazo kesho yake zitakuwa zimeanza kupingana.

Hasara yake ni hii: mkizoea kucheza ninyi wawili tu, chumba kikiwa kitupu, mtashangaa siku mtakapoingia kwenye ukumbi uliojaa watu.

Linawafaa nani. Wenye tukio maalumu linalokuja, wenye haya ya kutazamwa na wengi, wenye masharti ya dini, na wale ambao mmoja wao ana goti au mgongo unaohitaji uangalizi.

Jioni ya dansi yenye somo la kufungulia

Muda na gharama. Mnalipa kiingilio kimoja, ambacho mara nyingi kinajumuisha somo la nusu saa au saa moja, kisha ukumbi unafunguliwa na mnabaki mpaka mchoke. Ukigawanya fedha kwa muda, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Ukigawanya kwa mafunzo, hapana.

Nani anayewasahihisha. Karibu hakuna. Somo ni la kuwapa watu ujasiri wa kusimama, na baada ya hapo mwalimu huwa mwenyeji wa ukumbi. Wenza wasiobishana wataufurahia uhuru huo. Wenza wanaobishana wataukuta ugomvi wao umepata muziki.

Kushikana na wageni. Desturi hutofautiana kwa mji. Katika kumbi nyingi watu huombana dansi, na kukubali au kukataa kwa upole ni haki ya kila mtu. Buenos Aires, katika zile jioni za tango ziitwazo milonga, mwaliko hutolewa kwa macho na kwa kutikisa kichwa kidogo kutoka mbali, ili anayekataa asimwaibishe mwenzake mbele ya watu. Nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne, na watu hukaa pamoja mpaka fungu liishe. Wenza wanaokaa meza moja na kuinuka pamoja kila wimbo mara nyingi huachwa wacheze wenyewe. Tambueni pia kwamba tango ya Argentina si ile ya mashindano niliyoitaja mwanzoni. Zina asili moja, lakini mkao na mwendo wake vimeachana.

Kuna kanuni moja ya ukumbi ambayo mgeni akiijua atapokelewa vizuri popote. Katika dansi zinazotembea, kama walzi na foksitroti, watu wote huuzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Wanaoenda kwa kasi hukaa ukingoni, na wanaofanya hatua zao mahali pamoja husogea katikati. Hatua yenu ya mraba haiendi mbali, kwa hiyo nafasi yenu ni katikati. Tulipoingia kwenye ukumbi mara ya kwanza bila kulijua hilo, tulisimama ukingoni kabisa tukahesabu moja, mbili, tatu, huku wenza watano wakilazimika kutuzunguka.

Mnachorudi nacho. Mtarudi na hatua chache sana na kumbukumbu nyingi. Kuwaona watu wazima wa miaka sabini wakiteleza pamoja bila kuzungumza, mtu akimsikiliza mwenzake kwa kiganja tu, kunafundisha jambo ambalo hesabu ya hatua hailifundishi. Anayepita Uingereza kaskazini anaweza kulishuhudia katika ukumbi wa mnara wa Blackpool, ambako dansi huchezwa kwa muziki wa kinanda kikubwa cha Wurlitzer, katika mji uleule ulioanza kuandaa tamasha lake la dansi mwaka 1920. Mimi nilibaki mezani nusu ya jioni yetu ya kwanza ya namna hii, nikitazama miguu tu, na sijutii.

Linawafaa nani. Wenza waliokwisha kupata angalau somo moja, au wasiojali kujua hatua kwa usahihi ila wanataka usiku mzuri. Wasiojua hata kuhesabu watachoka mapema.

Walzi au rumba?

Mkipewa nafasi ya kuchagua dansi, fikirieni nyimbo za nyumbani. Walzi ina mapigo matatu katika kila kipimo, na ya polepole huchezwa kwa vipimo 28 hadi 30 kwa dakika, yaani mapigo 84 hadi 90. Inapendeza na hatua zake zinaeleweka upesi, lakini nyimbo nyingi zinazopigwa katika harusi za Dodoma zina mapigo manne, hivyo lazima mwende na wimbo wenu na kumkabidhi dijei mkononi. Rumba ya ukumbini ina mapigo manne na huchezwa polepole, vipimo 25 hadi 27 kwa dakika. Masikio yetu yanaitambua, kwa sababu santuri za Kuba zilizoenea Afrika katika miaka ya 1930 na 1940 ziliwafundisha wanamuziki wetu mapema. Salum Abdallah aliipa bendi yake ya Morogoro, iliyoanza mwaka 1948, jina la Cuban Marimba. Treni ya kwenda Dar es Salaam inapita katika mji huohuo. Hata hivyo msitegemee kwamba anayejua kucheza rumba ya Kongo tayari anajua ya ukumbini, kwa kuwa hatua na mwendo wa nyonga vina kanuni zake.

Mnaokwenda Vienna kipindi cha dansi kubwa za Januari na Februari, jueni kwamba walzi ya huko huchezwa kwa vipimo 58 hadi 60 kwa dakika, yaani karibu mara mbili ya ile ya polepole, na kwa kuzunguka mfululizo. Jifunzeni kwanza ya polepole kabla ya safari.

Kuna swali jingine ambalo wasafiri hulisahau: ni mtindo gani unaofundishwa? Studio nyingi za Marekani hufundisha mtindo wa Kimarekani, ambamo rumba ya mwanzo ni ya mraba kwa hesabu ya polepole, haraka, haraka. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hufundisha mtindo wa kimataifa, ambamo hatua huanza kwenye pigo la pili, mbili, tatu, nne, moja. Mitindo yote miwili ni sahihi, lakini mkianza na mmoja Chicago na kuendelea na mwingine Nairobi, mtadhani mmesahau kila kitu. Andikeni jina la mtindo mlioufundishwa.

Kuhusu mavazi sina mengi. Soli ya ngozi inateleza na kugeuka vizuri. Soli ya mpira ya raba hung'ang'ania sakafu na kuumiza goti mtu anapozunguka. Viatu vya mwanamke viwe na mkanda wa kushika kisigino, na gauni au sketi iwe na nafasi ya kurudi nyuma kwa hatua ndefu kutoka kwenye nyonga. Mtandio au hijabu havizuii kitu. Vifungwe tu visianguke. Futeni vumbi la Dodoma kwenye soli kabla ya kufunga begi, kwa sababu kumbi nyingi za mbao hutunzwa kwa uangalifu mkubwa na huenda mkaombwa mvue.

Mwongozo kwa hali yenu

Ikiwa mna jioni moja tu na harusi ya kwenu au ya mtoto iko ndani ya miezi michache, chukueni somo la faragha, mwende na wimbo, na msiondoke bila rekodi. Msipoweza kulipa bei yake, chukueni darasa la kikundi la walzi au rumba, mjifunze ile hatua moja ya msingi, kisha mwombe mwalimu dakika tano baada ya darasa awaonyeshe namna ya kugeuka.

Ikiwa mna jioni mbili, mpangilio ulio bora kwa macho yangu ni darasa la kikundi siku ya kwanza na jioni ya dansi siku ya pili, mkikitumia kwenye ukumbi kile mlichokipata darasani kikiwa bado kibichi. Wenza wenye uwezo wa kifedha wanaweza kuanza na faragha badala ya kikundi, ila wasiiruke hiyo siku ya pili, kwa kuwa ndiyo itakayowatoa kwenye chumba kitupu.

Ikiwa hamtaki kushikwa na mtu mwingine, faragha ni salama zaidi. Darasa la kikundi linawezekana baada ya kuuliza. Jioni ya dansi inawezekana mkikaa na kuinuka pamoja. Ikiwa mmoja wenu amekuja kwa kulazimishwa, na hili hutokea zaidi kuliko watu wanavyokiri, msimweke peke yake mbele ya mwalimu kwa saa nzima. Mpelekeni kwenye jioni ya dansi, akae, ale, atazame, na aachwe ainuke mwenyewe.

Ikiwa mnajua kwamba mnabishana, rudini kwenye kigezo cha kwanza na mchague kwa hicho peke yake. Sisi tulichagua faragha kwa sababu hiyo katika safari yetu ya pili, na usiku uleule, kabla ya kulala, tulirudia hatua sita za mraba kwa dakika kumi kwenye nafasi iliyokuwa kati ya kitanda na dirisha, bila muziki, yeye akihesabu na mimi nikifuata, na hakuna aliyesema neno lingine zaidi ya moja, mbili, tatu.